Miaka 400 na ushee hakuna nyota ya galaksi yetu tuliyoiona ikilipuka. Shida iko wapi?

#1 Kurunzi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Kuna jambo moja la angani ambalo kila nikilikumbuka nacheka peke yangu. Oktoba 1604 ilitokea nyota mpya, iking'aa kuliko Mshtarii. Mwanaastronomia Johannes Kepler aliifuatilia kwa macho makavu karibu mwaka mzima mpaka ikafifia. Hakuwa na darubini kwa sababu darubini zilikuwa hazijajulikana bado. Za kwanza zilisikika Uholanzi mwaka 1608, na Galileo akaielekeza ya kwake angani mwaka 1609. Tangu hapo hadi leo unaposoma uzi huu, hakuna nyota ya ndani ya galaksi yetu ambayo mtu ameitambua ikiwa inalipuka. Hata moja.

Yaani waliokuwa na macho tu walipata mbili ndani ya miaka 32, ile ya 1572 aliyoiandikia Tycho Brahe na hii ya 1604. Sisi wenye vioo vya mita nane na darubini zinazozunguka juu ya angahewa tumekaa karne nne tunasubiri.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu haraka kwamba milipuko ni nadra. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya jibu, tena ile nusu nyepesi. Twende nayo kwanza tuimalize.

Nyota hulipuka hivyo, yaani kuwa supanova, kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya nyota nzito, kuanzia mara nane hivi ya uzito wa Jua. Inachoma haidrojeni, kisha heli, kisha vitu vizito zaidi hadi kiini chake kinakuwa chuma. Chuma hakitoi nishati kikiunganishwa, kwa hiyo moto uliokuwa unaibeba nyota unakatika na kiini kinaporomoka chini ya sekunde moja. Ya pili ni ya nyota kibete nyeupe, mabaki ya nyota ya kawaida, inayoishi na mwenzake. Ikijilundikia maada hadi kukaribia uzito wa Jua mara 1.4, au ikigongana na kibete mwingine, inalipuka yote kama bomu.

Jua letu halimo kwenye njia yoyote kati ya hizo. Nyota nzito kiasi hicho hazifiki hata moja katika kila mia. Kwa hesabu za wanaastronomia, galaksi yetu yenye nyota zaidi ya bilioni mia moja hutoa supanova moja hadi tatu kwa karne. Tuseme mbili.

Sasa hapo ndipo hesabu inapogoma. Mbili kwa karne, kwa karne nne na kidogo, ni kama nane. Tumeona sifuri. Hizo nane zimekwenda wapi?

Jibu langu ni kwamba zimelipuka kama kawaida, na nuru yao imefika hapa hapa Duniani. Sisi tumekaa pabaya.

Galaksi yetu ni kama sahani bapa yenye upana wa miakanuru 100,000 hivi (mwakanuru mmoja ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima). Tungekuwa tunaitazama kutoka juu tungeona kila kitu. Lakini tumo ndani ya sahani yenyewe, miakanuru 26,000 kutoka katikati, na sahani imejaa vumbi. Usifikirie vumbi la barabarani. Hizi ni chembe ndogo sana, nyingine laini kuliko moshi, za kaboni na za aina ya mawe, zimetawanyika kiasi kwamba ukiwa ndani yake hutahisi chochote. Tatizo ni unene. Miakanuru elfu kadhaa ya ukungu mwepesi ni ukuta.

Chukua supanova ya kawaida ya nyota nzito, iweke karibu na kitovu cha galaksi. Bila vumbi ingeng'aa kama Mshtarii, mtoto angekuonyesha kwa kidole. Ukiweka vumbi lililopo kati yetu na kitovu, katika kila chembe trilioni moja za mwanga unaoonekana kwa macho inapenya kama moja hivi. Hata darubini kubwa ingepata shida kuipata, sembuse mimi na wewe.

Na kuna jambo ambalo binafsi naliona ndilo chungu zaidi. Nyota nzito zinaishi muda mfupi. Jua lina umri wa kuishi wa miaka bilioni 10 hivi. Nyota yenye uzito mara 20 ya Jua inamaliza mafuta yake ndani ya miaka milioni 10 tu. Hazipati nafasi ya kuhama. Zinazaliwa ndani ya mawingu ya gesi na vumbi, katikati kabisa ya sahani, na zinakufa hapo hapo jirani na zilipozaliwa. Nyota zenye makelele kuliko zote zinafia kwenye chumba chenye mapazia mazito kuliko vyote.

Nimeanza, ongezeni na mpinge.

#2 Mpita Njia

Nimechukua siti ya mbele. Mkuu ukiandika hivi mtu anasahau kulala.

#3 Kichwa Ngumu

Mkuu Kurunzi, umeandika vizuri lakini umeruka sababu kubwa kuliko zote: UMBALI. Nyota ziko mbali, mwanga wake unachukua maelfu ya miaka. Ina maana nyota zimelipuka nyingi tu ila mwanga haujatufikia, ndiyo maana hatuoni. Mbona rahisi?

#4 Kurunzi

Kichwa Ngumu, nilijua hii itakuja, na nashukuru imekuja mapema.

Umbali unapunguza ung'aavu, hilo sikatai. Lakini kuchelewa kwa mwanga hakupunguzi idadi. Fikiria una ndugu anayekuandikia barua moja kila siku na kila barua inachukua mwezi njiani. Mwezi wa kwanza utakaa bila kitu. Baada ya hapo utapokea barua moja kila siku, kama vile anaishi mlango wa pili. Galaksi imekuwa ikilipua nyota kwa mabilioni ya miaka, kwa hiyo ule "mwezi wa kwanza" ulipita zamani kabla hata hakuna mtu wa kupokea.

Ila wazo lako lina utamu wake. Kama zinalipuka mbili kwa karne na kwa wastani ziko miakanuru 30,000 kutoka kwetu, basi wakati huu kuna kama mia sita ambazo zimeshalipuka na nuru yao iko njiani. Zimeshakufa, barua tu ndizo zinatembea.

#5 Hesabu Tupu

Naomba niweke namba kidogo, maana naona watu wanashangaa hizi karne nne.

Kwa miaka elfu moja iliyopita, supanova za galaksi yetu zilizoonwa kwa macho na kuandikwa bila ubishi mkubwa ni tano: 1006, 1054, 1181, 1572, 1604. Hiyo ni wastani wa moja kila miaka 200. Vitu vinavyotokea bila ratiba na bila kushauriana havigawanyiki sawasawa, vinakuja kwa mafungu. Nafasi ya kukaa miaka 420 bila kuona hata moja, kwa wastani huo, ni kama asilimia 12. Ndogo, lakini si muujiza. Ni sawa na kurusha sarafu mara tatu ikaanguka upande mmoja zote tatu, upande uliouchagua kabla.

Kwa hiyo bahati mbaya tunayo, lakini ya kawaida kabisa. Waliokuwa na bahati ya ajabu ni watu wa kizazi cha Kepler. Aliyezaliwa 1560 na kuishi miaka 50 aliona zote mbili.

Halafu linganisha mbili kwa karne zinazolipuka na nusu kwa karne inayoonwa. Robo tu ndiyo inatufikia machoni. Hoja ya mleta mada ya vumbi imesimama.

#6 Kurunzi

Hesabu Tupu, nakupa maua yako. Na katika ile robo, wengine waliponea chupuchupu. Hiyo ya 1604 ilikuwa mbali sana, miakanuru karibu 20,000, lakini iko juu kidogo ya sahani kwa hiyo vumbi lilikuwa la kiasi. Tena ilitokea karibu na mahali ambapo Mirihi, Mshtarii na Zohali zilikuwa zimesogeleana, na wanajimu wa Ulaya nzima walikuwa wamekodoa macho upande huo kwa sababu zao za unajimu. Nyota ikajitokeza kwenye kona inayotazamwa. Novemba ikapotelea kwenye mwanga wa Jua, ikarudi Januari. Ingetokea mwezi mmoja baadaye, nani anajua wangeikuta imefifia kiasi gani.

Hilo la Jua watu husahau. Supanova inang'aa sana kwa wiki chache, kisha inashuka kwa miezi. Na kila Desemba Jua linapita mbele ya upande wa kitovu cha galaksi, yaani upande wenye nyota nyingi kuliko pengine pote. Ikilipuka wakati huo, ile sherehe inakwisha wewe umefungiwa nje.

Ongeza na hili: kitovu cha galaksi kinapanda juu vizuri kwa watu wa kusini mwa Dunia, lakini kumbukumbu za maandishi za anga tulizo nazo, za Wachina, Wajapani, Waarabu na watawa wa Ulaya, karibu zote ziliandikwa kaskazini. Zilizotokea kusini kabisa hakuna aliyeziandika, au aliyeziona alizisimulia kwa mdomo na simulizi ikafa naye.

#7 Nyotanjema

Jamani mimi naomba kuuliza bila kuchekwa. Ile nyota nyekundu ya Jabari, Ibuti la Jauza, ambayo wengine wanaiita Betelgeuse. Mwishoni mwa 2019 ilififia na mitandao yote ikasema inalipuka. Mimi nililala nje siku tatu. Ilikuwaje?

#8 Bundi

Dada Nyotanjema, hukuwa peke yako uliyelala nje, na hakuna wa kukucheka.

Ilififia kweli, ilipofika Februari 2020 ilikuwa imepungua hata mtu asiyejua nyota angeona tofauti. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba ilitema wingu la gesi, ikapoa ikawa vumbi, vumbi likatuziba. Ona basi, vumbi tena!

Italipuka, hilo halina mjadala, maana ni nzito na imezeeka. Lakini wanaposema "karibuni" wanamaanisha ndani ya miaka 100,000 hivi. Ukijipa miaka 50 ya kuitazama, nafasi yako ni kama moja kwa elfu mbili. Ikitokea itaonekana mchana kweupe na usiku utaona kivuli chako. Iko kama miakanuru 500 hadi 700, kwa hiyo haina madhara kwetu.

#9 Nyotanjema

Asante kaka Bundi. Lakini nyota ninazoziona usiku ni nyingi mno! Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokubali kulipuka tukiwa hai?

#10 Kurunzi

Nyotanjema, hapo ndipo anga linatudanganya. Unaona "nyingi mno", lakini ukizihesabu nyota zote zinazoonekana kwa macho, pande zote za Dunia, kwenye anga jeusi kabisa, ni kama 6,000 hadi 9,000. Galaksi ina zaidi ya bilioni mia moja. Hizo unazoziona ni majirani wa ukuta mmoja, zilizobaki ni jiji zima lililo nyuma ya ukungu. Supanova inayofuata karibu hakika itatoka kwenye nyota usiyoijua, ambayo huenda haina hata jina zaidi ya namba kwenye orodha.

#11 Kichwa Ngumu

Sawa, la umbali nimekubali, nimeshindwa kiungwana. Lakini sasa naleta lingine. Unasema kuna nane zimelipuka tangu Kepler na hakuna aliyeziona. Kama hakuna aliyeziona, UNAJUAJE kama zilikuwepo? Hiyo si imani tu?

#12 Kurunzi

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Hatuna miili yote nane, lakini miwili tunayo.

Mwaka 1948 wanasayansi wa redio wa Uingereza walikuta chanzo chenye nguvu sana cha mawimbi ya redio kwenye kundinyota la Mke wa Kurusi. Leo kinaitwa Cassiopeia A, ni kati ya vyanzo vikali zaidi vya redio angani nje ya familia ya Jua. Ni tufe la gesi linalotanuka, umbali wa miakanuru 11,000 hivi. Ukipima kasi ya vipande vyake na kurudisha saa nyuma, vyote vinakutana sehemu moja miaka ya 1670 na kitu. Miaka ya 1670, wakuu! Newton yuko hai, Ulaya kuna vituo vya anga vya serikali, darubini ziko mikononi mwa watu. Nuru ya mlipuko ule ilipita juu ya vichwa vyao na hakuna aliyepiga kelele. Kuna nyota moja hafifu aliyoiandika John Flamsteed mwaka 1680 ambayo watu wamebishana miaka mingi kama ndiyo yenyewe. Hata ikiwa ndiyo, aliandika kama nyota ya kawaida akaendelea na kazi.

Bila vumbi ile ingeweza kushindana na Zuhura.

Mwili wa pili ndio unaonisisimua zaidi. Unaitwa G1.9+0.3, jina baya kama namba ya jalada. Uko jirani na kitovu cha galaksi. Walipolinganisha picha ya redio ya 1985 na picha ya eksirei ya darubini ya Chandra ya 2007, wakaona tufe limekua. Halikukua kidogo, lilikuwa limekua waziwazi ndani ya miaka 22. Maana yake ni changa. Mahesabu yakaonyesha nuru yake ilifika hapa mwishoni mwa karne ya 19 au karibu na 1900. Babu wa babu zetu walikuwa hai. Kamera za picha za anga zilikuwepo. Hakuna aliyeona kitu, kwa sababu mwanga wake ulikuwa umechujwa mara trilioni kabla ya kufika. Habari yake ilitangazwa mwaka 2008.

#13 Mpita Njia

Yaani mlipuko unaotoa mwanga kama galaksi nzima unapita na hakuna hata mbwa aliyebweka. Dah.

#14 Bundi

Niongeze kisa kimoja hapo kwa Kurunzi. Mwanga wa supanova hauji kwetu wote kwa njia moja. Sehemu nyingine huenda upande, inagonga mawingu ya vumbi, inadunda, inatufikia baada ya kuzunguka. Ni kama mwangwi wa sauti milimani. Mwaka 2008 watafiti walinasa mwangwi wa mwanga wa ile nyota ya Tycho ya 1572, wakautawanya rangi zake, wakajua kwamba ilikuwa kibete nyeupe, aina wanayoiita Ia. Cassiopeia A nayo wakaifanyia hivyo hivyo na kujua ilitokana na nyota nzito. Kwa hiyo vumbi lile lile linalotuziba limetutunzia kanda ya marudio. Mimi hapo ndipo nililipenda vumbi kidogo.

#15 Sauti ya Jangwani

Mleta mada umepotosha. Supanova ilionwa kwa macho mwaka 1987. Hiyo miaka mia nne unaitoa wapi?

#16 Kurunzi

Sauti ya Jangwani, rudi juu usome tena, niliandika "ya ndani ya galaksi yetu". SN 1987A ilikuwa kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, miakanuru kama 168,000. Ilionwa kwa macho na watu wa kusini, ndiyo, na ndiyo pekee iliyoonwa bila chombo na watu wengi tangu Kepler. Ile ya galaksi ya Andromeda ya mwaka 1885 ilifika kwenye mpaka wa macho tu.

Na angalia kejeli yake. Galaksi nyingine, mbali mara nyingi kuliko kitovu chetu, tuliiona vizuri. Ya kwetu wenyewe ya mwaka 1900 hatukuiona. Wingu la Magellan liko nje ya sahani, tukilitazama tunachungulia dirishani badala ya kutazama kupitia ukuta. Mtu akisema umbali ndiyo sababu kubwa, mpe mfano huu.

#17 Sauti ya Jangwani

Nimesoma tena. Nimekosea, samahani mkuu. Nilisoma kichwa cha habari kwa haraka.

#18 Bundi

Kwa vile tumefika dirishani, ngoja niseme jinsi watu wanavyoikwepa shida hii. Galaksi moja inakupa moja kila miaka 50? Basi tazama galaksi elfu moja, utapata kama 20 kwa mwaka. Hiyo ndiyo akili ya Fritz Zwicky. Yeye na Walter Baade ndio waliolitangaza neno supanova mwaka 1934, na miaka miwili baadaye akawa analenga darubini ndogo ya picha kwenye mlima wa Palomar, Marekani, akipiga galaksi usiku baada ya usiku. Alikuja kuwa na zaidi ya mia moja kwenye hesabu yake.

Ila anayenimaliza mimi ni Robert Evans wa Australia, mchungaji wa kanisa. Alikuwa amekariri sura za galaksi mamia kwa mamia. Anaweka jicho kwenye darubini, anatazama galaksi sekunde chache, kama kuna doa ambalo jana halikuwepo anajua. Kwa macho tu hivyo alipata zaidi ya 40. Kompyuta za wakati huo zilikuwa zinahangaika.

Siku hizi mashine zimechukua kazi. Maelfu yanaripotiwa kila mwaka, na kituo cha Vera Rubin kule Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kimejengwa kwa kazi ya aina hiyo hiyo kwa anga zima la kusini. Ukijumlisha ulimwengu wote unaoonekana, inakadiriwa kuna mlipuko walau mmoja kila sekunde. Wakati unasoma sentensi hii zimeshaondoka kadhaa.

Mimi mwenyewe Mei 2023 niliiona ile ya galaksi ya M101, iliyogunduliwa na Koichi Itagaki wa Japani. Darubini yangu ni ya kioo cha sentimita 20. Nilichokiona ni nukta. Nukta moja nyeupe pembeni ya ukungu hafifu. Niliita watu wa nyumbani waje waone, wakatazama, wakaniuliza "ndiyo hiyo tu?" Nikasema ndiyo hiyo. Wakarudi ndani.

#19 Mpita Njia

😂😂 "Wakarudi ndani."

#20 Hesabu Tupu

Bundi, kuna galaksi moja inaitwa NGC 6946. Tangu 1917 wamehesabu kumi ndani yake. Kumi kwa karne moja! Sisi huku tunasubiri miaka 400. Ila nakumbusha, inazalisha nyota kwa kasi kuliko yetu na tunaiona kutoka upande wake wa uso. Kama kuna mtu anaitazama galaksi yetu kutoka kule, huenda ana orodha ndefu ya milipuko yetu kuliko tuliyo nayo sisi wenyewe.

#21 Nyotanjema

Hesabu Tupu hiyo sentensi ya mwisho imenikaa vibaya. Majirani wanajua mambo ya nyumbani kwetu kuliko sisi!

Swali la mwisho kutoka kwangu. Inawezekana nyota nzito ikafa bila kulipuka kabisa?

#22 Kurunzi

Inawezekana kinadharia. Kiini kinaporomoka, mlipuko unashindwa kuwaka, nyota inajimeza yenyewe na kuwa shimo jeusi. Kwenye galaksi hiyo hiyo ya NGC 6946 kuna nyota iliyong'aa kidogo mwaka 2009 kisha ikatoweka machoni. Wengine wanasema ndicho kilichotokea, wengine wanasema ni nyota mbili zilizoungana na kujifunika kwa vumbi. Bado wanavutana, sitaki kuiweka kwenye hesabu yangu.

#23 Kichwa Ngumu

Nimebakiwa na moja na hili si la kubisha. Kama vumbi linaziba hivyo, basi inayofuata nayo tutaikosa kama hiyo ya 1900?

#24 Kurunzi

La, na hapo ndipo mambo yamebadilika kabisa, Kichwa Ngumu.

Kiini cha nyota nzito kinapoporomoka, karibu asilimia 99 ya nishati haitoki kama mwanga. Inatoka kama nyutrino, chembe ambazo hazijali vumbi, ukuta wala sayari nzima. Mwanga tunaoushangaa wote ni makombo. Februari 1987 vyombo vitatu, kimoja kikiwa tangi kubwa la maji chini ya ardhi kule Kamioka, Japani, vilinasa nyutrino zisizozidi dazeni mbili na kidogo kutoka Wingu la Magellan. Zilifika saa kadhaa kabla ya mtu yeyote kuona mwanga, kwa sababu mwanga unasubiri wimbi la mlipuko lipande hadi uso wa nyota, nyutrino hazisubiri. Matrilioni zilipita ndani ya mwili wa kila aliyekuwa hai siku ile.

Leo tangi la Super-Kamiokande lina tani 50,000 za maji, na vituo vya nchi mbalimbali vimeunganishwa kwenye mtandao wa tahadhari. Nyota nzito ikiporomoka popote kwenye galaksi yetu, hata nyuma ya kitovu, kengele italia. Darubini za mwanga wa infraredi, ambao vumbi haliuzibi sana, zitageuzwa upande huo. Zile za kibete nyeupe ndizo bado zinaweza kutupiga chenga, maana nyutrino zake ni chache mno kwa vyombo vyetu kwa umbali huo. Tutazipata kwa infraredi, redio na eksirei.

Kwa macho yako na yangu, hata hivyo, mambo ni yale yale. Kengele inaweza kulia, magazeti yakaandika, ukatoka nje, usione chochote.

#25 Nyotanjema

Na hiyo ya 1987 nani aliiona wa kwanza?

#26 Bundi

Ngoja nilijibu hilo, nalipenda. Usiku wa tarehe 24 Februari, kituo cha Las Campanas, Chile. Ian Shelton alikuwa amepiga picha ya Wingu la Magellan kwa saa tatu. Akaisafisha sahani ya picha, akaona doa kubwa ambalo halikupaswa kuwepo. Akadhani ni kasoro ya sahani. Akatoka nje, akainua kichwa, akaiona kwa macho yake. Akakimbilia jengo la darubini nyingine kuwaambia wenzake.

Ndani alikuwepo Oscar Duhalde, anayeendesha darubini. Duhalde akasema hiyo nyota ameiona saa kadhaa zilizopita, alipotoka nje kutazama hali ya anga.

#27 Mpita Njia

Akanyamaza?!

#28 Bundi

Alirudi ndani, kazi ikamkuta, akasahau kusema.